Kufunga nyaya za umeme kwenye reli za treni ndogo bila kuchanganya chanya na hasi

Mara ya kwanza nilipowasha meza yangu ya treni, hakuna kilichotembea. Taa ya kidhibiti mwendo ilipepesa mara moja ikazimika, na kutoka uvunguni ikapanda ile harufu ambayo kila fundi redio anaijua. Nilikuwa nimeunga jozi kumi na mbili za nyaya, nyekundu na nyeusi, jioni nne mfululizo. Jozi kumi na moja zilikuwa sawa. Moja ilikuwa imegeuka, na hiyo moja ilitosha.

Kosa lenyewe lilikuwa la kitoto. Nikiwa nimesimama kando ya meza niliamua reli ya kulia iwe nyekundu. Kisha nikaingia uvunguni kwa kichwa, nikageuka chali na chuma cha kulehemu mkononi, nikaendelea kujiambia "kulia nyekundu". Ukishageuka chali namna hiyo, mkono wako wa kulia uko pale pale palipokuwa kushoto. Na hata bila kuingia uvunguni, treni ikizunguka na kurudi ikikuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako. Kwa hiyo kabla hujanunua hata mita moja ya waya, yatoe kichwani maneno kulia na kushoto. Nitaeleza ninachotumia badala yake.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye treni za reli mbili, za kipimo cha HO au kinachokaribiana nacho. HO ni mfano uliopunguzwa mara 87, na nafasi kati ya reli zake ni milimita 16.5. Zidisha kwa 87 utapata kama milimita 1,435, upana ule ule wa SGR yetu. Ukiwa na N, yenye nafasi ya milimita 9, kila kitu ni kile kile ila vidole vinakuwa vinene zaidi. Wenye Märklin ya HO ya reli tatu wanaweza kupumzika: pale reli zote mbili za nje ni upande mmoja wa umeme na vinundu vya katikati ni upande wa pili, hivyo tatizo kubwa la makala haya haliwahusu.

Reli yenyewe ni waya mbaya

Wengi huanza na seti ya sandukuni: duara la reli, waya mmoja wa pande mbili, basi. Inatembea vizuri, kwa hiyo wanapopanua meza wanaendelea kutegemea ule waya mmoja. Baada ya miezi michache treni inaanza kuchoka upande wa mbali wa meza na kufufuka ikirudi karibu na waya.

Sababu ni mbili. Reli nyingi nzuri za siku hizi ni za aloi inayoitwa nikeli fedha, ambayo haina fedha hata chembe. Ni shaba, nikeli na zinki. Haipati kutu haraka, lakini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu, tena kwa zaidi ya mara kumi. Sababu ya pili ndiyo mbaya zaidi: vile viungio vidogo vya bati vinavyoshika ncha za reli mbili. Vinalegea, vinaingia gundi, vinaingia rangi. Hapa Tanga tunaongeza chumvi ya hewa. Kiungio kilichopitisha umeme bila wasiwasi mwezi Januari kinaweza kuwa kimekufa kabla mwaka haujaisha, na kwa macho hutaona tofauti.

Kwa hiyo kanuni ninayofuata ni moja: kila kipande cha reli kipate jozi yake ya nyaya, na kiungio cha bati kiachiwe kazi ya kunyoosha reli tu. Kama unatumia reli ndefu za kupinda, zile za milimita 914, hiyo ni jozi moja kwa kila kipande. Meza yangu ni ubao mmoja wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4, mzunguko wake una mita tano na ushee. Ukiongeza njia ya kupishana na njia mbili fupi za kuegesha mabehewa, ndipo zikafika jozi kumi na mbili. Vipande vifupi vya sentimita ishirini unaweza kuviunga viwili viwili kwa risasi ya kulehemu na kuvipa jozi moja. Usizidishe hapo.

Behewa lenye ubavu mwekundu

Chukua behewa moja la bei rahisi, lile ambalo hata likivunjika hutalia. Bandika tepu nyekundu ubavu mmoja na nyeusi ubavu wa pili. Liweke juu ya reli mahali popote. Reli iliyo chini ya ubavu mwekundu, kuanzia sasa, ni reli nyekundu. Lisukume kwa kidole polepole kuzunguka meza nzima, na kila baada ya sentimita thelathini weka alama ya maka nyekundu kwenye plaiwudi, kando ya reli ya upande mwekundu. Pita pointi zote, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, ingia kila njia ya maegesho, rudi.

Usiliinue behewa hata mara moja. Ukiliinua umepoteza ushahidi. Lirudishe kwenye alama ya mwisho uanze hapo.

Sasa toboa matundu ya nyaya ukiwa juu, ukifuata alama. Tundu la waya mwekundu litoboe upande wa nje wa reli nyekundu, la mweusi upande wa nje wa reli nyeusi, na nyaya zenyewe zipenyeze kutoka juu kwenda chini. Ukifika uvunguni huhitaji kufikiri tena, kwa sababu rangi imeshashuka yenyewe.

Hapa niseme jambo linalowasumbua wengi: je, chanya iwe reli ipi? Kwenye mfumo wa kawaida wa umeme mnyoofu wa volti 12, kiwango cha NMRA, chama cha Marekani cha wapenda treni ndogo kilichoanzishwa 1935, kinasema reli ya kulia ikiwa chanya, kichwa cha treni kiende mbele. Ukikosea meza nzima kwa pamoja, hasara pekee ni kwamba kitufe cha "mbele" kitakurudisha nyuma. Badilisha nyaya mbili nyuma ya kidhibiti, kwisha. Kwenye mfumo wa dijitali, DCC, umeme unapinduka maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo hakuna reli iliyo chanya kwa kudumu, na kichwa hufuata amri zinazotumwa kwa dikoda yake, kile kifaa kidogo cha elektroniki kilicho ndani yake. Watu husikia hivyo wakadhani DCC haijali upande. Inajali sana. Mahali popote reli nyekundu ya kipande kimoja inapogusana na reli nyeusi ya kipande kingine ni shoti, iwe umeme mnyoofu au wa dijitali. Meza haikuulizi ipi ni chanya. Inataka tu nyekundu iwe nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Vya kununua

Duka la vifaa vya umeme wa nyumba lina karibu kila kitu. Laini kuu, yaani zile nyaya mbili nene zinazopita uvunguni urefu wote wa meza, iwe ya milimita 2.5 za mraba, waya ule ule wa kufungia soketi za ukutani. Chukua nyekundu na nyeusi. Kwa meza ndogo yenye kidhibiti cha kawaida 1.5 inatosha, lakini tofauti ya bei haina maana ya kukunyima usingizi. Nyaya za kulishia, zile fupi zinazotoka kwenye laini kuu kupanda hadi relini, ziwe nyembamba: 0.5, au hata 0.35, na kila mmoja usizidi sentimita thelathini.

Kwa anayetaka hesabu: waya wa shaba wa 2.5 una ukinzani wa karibu omu 0.007 kwa mita. Laini ya mita tano, kwenda na kurudi mita kumi, ni omu 0.07. Ukivuta ampea 3 unapoteza volti 0.2 tu. Treni haitajua.

Halafu chuma cha kulehemu cha wati 40 hadi 60, risasi nyembamba yenye utomvu ndani, na lile kopo dogo la dawa ya njano ya kulehemia wanayotumia mafundi simu. Usiguse dawa ya asidi ya mafundi mabati. Itaila reli na waya taratibu huku ukidhani umefanya kazi safi. Biti ya milimita 2 ya kutobolea, sandpepa laini, konekta za plastiki za skrubu, betri moja ya volti 9 na multimita. Hata ile multimita ya bei ya chini kabisa inayouzwa barabarani itafanya kazi hii.

Kuhusu hatari: volti 12 au 15 hazitakurusha. Ila busta ya DCC, yaani kifaa kinachopeleka umeme wa dijitali relini, ikiwa ya ampea 5 kwa volti 15 inatoa wati 75, yaani nguvu kuliko chuma chako cha kulehemu, na shoti isiyokatika hupeleka karibu nguvu yote hiyo kwenye nukta moja ya plastiki. Na umeme wa ukutani usiupitishe kabisa kwenye fremu ya meza. Transfoma ikae mbali, iingie mezani nyaya za volti ndogo tu.

Laini kuu kwanza

Pitisha nyaya mbili za 2.5 chini ya ubao, zikifuata takribani njia ya reli kuu. Ziweke sentimita tano zikiwa zimeachana, na uzishike kwa vibanio vya waya vya nyumba. Anzia pale kidhibiti kitakapokaa, maliza upande wa mbali, na miisho uiache wazi, kila mmoja umefungwa tepu. Wapo wanaoiunganisha miisho ikawa duara. Kwenye DCC ni afadhali usifanye hivyo. Meza ikiwa kubwa kiasi cha laini kupita mita kumi hivi, zisokote nyaya mbili pamoja mizunguko michache kwa kila mita, ishara ya dijitali itafika safi zaidi.

Katikati ya laini ikate, uiunge tena kwa konekta ya skrubu. Utaona ujinga huu ni wa nini siku ya kutafuta shoti.

Kuunga waya kwenye reli

Hii ndiyo sehemu watu wanaiogopa, na ndiyo ninayoipenda. Tafuta nafasi kati ya mataruma mawili. Kwangua ubavu wa nje wa reli kwa sandpepa hadi ung'ae, chini ya kichwa cha reli, sehemu nyembamba ya kiuno. Isiwe ndani kamwe, maana magurudumu yana ukingo unaopita huko na yatapanda juu ya tone la risasi kila mzunguko.

Menya waya milimita tano, usokote nyuzi, upake risasi mpaka ziwe kitu kimoja. Upinde ncha yake kwa koleo iwe kama herufi L, ili ilale sambamba na reli. Paka dawa kidogo relini. Weka kipande cha karatasi ya choo iliyoloweshwa kila upande juu ya mataruma ya jirani. Mataruma ya plastiki huyeyuka kabla hujasema lolote, na reli ikishaachana na taruma upana wake unapotea.

Chuma kiwe cha moto kweli. Hofu huwafanya watu watumie chuma baridi kwa muda mrefu, na hilo ndilo linaloyeyusha. Kigusishe reli na waya kwa pamoja, hesabu moja, mbili, peleka risasi, utaiona ikitiririka yenyewe na kung'aa, ondoa. Sekunde tatu kwa jumla. Ushike waya bila kutikisa mpaka mng'ao upungue kidogo. Kisha uvute kwa nguvu ya kung'oa uzi kwenye shati. Ukitoka, bora umetoka sasa.

Ukiwa bado hujapigilia reli, kuna njia nzuri zaidi: geuza kipande, ung'arishe tumbo la reli, uunge waya hapo. Hautaonekana kamwe. Mimi nilikuwa nimeshagundisha reli zangu, kwa hiyo nyaya zinaonekana, nikazipaka rangi ya kahawia na kokoto zikafunika kilichobaki.

Pima kabla ya kuunga chini

Sasa una nyaya ishirini na nne zinazoning'inia uvunguni, na hakuna hata moja iliyogusa laini kuu. Simama hapo hapo. Mbinu hii ingeniokolea kidhibiti changu.

Ondoa vichwa na mabehewa yote juu ya meza. Kwa vibanio vya meno, shikiza betri ya volti 9: chanya kwenye reli nyekundu, hasi kwenye nyeusi, mahali pamoja popote. Viungio vya bati bado vinaunganisha meza, kwa hiyo betri hii sasa inafika kwenye kila jozi uvunguni. Weka multimita kwenye volti 20 za umeme mnyoofu, ingia chini, gusa kila jozi: ncha nyekundu ya mita kwenye waya mwekundu, nyeusi kwenye mweusi.

Ukiona 9 au karibu yake, jozi ni sahihi. Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba, jozi hiyo imegeuka. Bandika tepu, usiibadilishe kwa kukisia, panda juu uangalie rangi za alama kwanza. Ukiona sifuri kwenye jozi moja tu, ama lehemu haikushika, ama kiungio cha bati kimekufa, ama kipande hicho kimetengwa kwa kiungio cha plastiki. Kikiwa kimetengwa, hamisha betri hapo, ukifuata ubavu mwekundu wa behewa, uendelee. Betri ikishuka karibu na sifuri kila mahali, shoti iko kwenye reli zenyewe, na tisa kwa kumi ni pointi. Itoe betri haraka, itapata moto.

Jozi iliyokubali, iunge kwenye laini kuu. Menya laini kuu sentimita mbili bila kuikata, zungushia waya wa kulishia mara tatu, lehemu, funga tepu. Mimenyo ya nyekundu na ya nyeusi isikae mkabala. Ipishanishe sentimita tano. Baada ya kila jozi, betri ikiwa imetolewa na laini kuu haijaunganishwa na kidhibiti, weka mita kwenye mlio, ile sehemu inayolia ncha zake zikigusa vitu vilivyoungana, na uguse laini nyekundu na nyeusi. Kimya ndiyo unachotaka. Ikilia, kosa ni la jozi uliyomaliza kuunga sekunde hii, si moja kati ya kumi na mbili. Inachosha? Kwa jozi kumi na mbili ni dakika tano za ziada. Mimi nililipa kidhibiti kipya.

Pointi

Katikati ya kila pointi, pale reli mbili zinapokutana na kuvukana, kuna kipande chenye umbo la V. Gurudumu la upande mmoja hupita juu yake treni ikinyooka, na gurudumu la upande mwingine hupita juu yake treni ikichepuka. Kwa maneno ya behewa letu: mara V inataka kuwa nyekundu, mara inataka kuwa nyeusi.

Watengenezaji wanalitatua kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuifanya V iwe ya plastiki. Kwa jina la Peco, kampuni ya Uingereza, hizi ni Insulfrog. Huna cha kufanya zaidi ya kulisha pande zote tatu za pointi kama njia ya kawaida, ila kichwa kidogo cha treni chenye magurudumu machache kinaweza kukwama juu ya ile plastiki kikitembea polepole. Njia ya pili ni V ya chuma yenye umeme, Electrofrog. Treni hupita juu yake bila kusita, lakini V inapata umeme kutoka kwenye ulimi wa reli, ile sehemu inayosogea pointi ikigeuzwa, uliogusa upande huu au ule, na reli mbili zinazotoka kwenye V zinabadilika nayo. Ukiziunganisha moja kwa moja na jozi zilizo mbele, umejitengenezea shoti inayosubiri siku ugeuze pointi.

Dawa ni viungio vya plastiki kwenye reli mbili za ndani zinazotoka kwenye V, na jozi mpya za nyaya baada ya viungio hivyo. Upande wa mwanzo wa pointi, kwenye ndimi, ulishe kama kawaida. Viungio hivi viwekwe wakati wa kutandika reli, kabla ya ule upimaji wa betri.

Ukitaka kazi ya kudumu, usitegemee ulimi kugusa reli, maana rangi na vumbi huingia hapo. Toa waya wa tatu, wa kijani, kutoka kwenye V, upeleke kwenye mguu wa katikati wa swichi inayogeuka pamoja na mota ya pointi. Miguu ya pembeni mmoja unaunga kwenye laini nyekundu, wa pili nyeusi. Upi ni upi? Elekeza pointi moja kwa moja, sukuma behewa, tazama ni gurudumu la ubavu gani linalopanda juu ya V. Likiwa la ubavu mwekundu, V iwe nyekundu. Geuza pointi, sukuma tena; safari hii utaona ni la ubavu mweusi.

Njia inayokurudisha umegeuka

Kuna umbo moja ambalo hakuna uangalifu wa rangi utakaolishinda. Behewa lako litalifichua. Kama unaweza kulisukuma, kwenda mbele au nyuma kupitia pointi zozote, bila kuliinua, ukarudi mahali pale pale huku ubavu mwekundu sasa ukiwa juu ya reli nyeusi, una kitanzi cha kugeuzia. Kinaweza kuwa kitanzi chenyewe mwishoni mwa njia, pembetatu ya kugeuzia vichwa, au ile njia ya mshazari inayokatiza duara kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hii ya mwisho huwaponza wengi kwa sababu kwenye karatasi inaonekana ni njia ya mkato tu. Meza ya kuzungushia vichwa nayo ni ndugu wa ukoo huu.

Sehemu hiyo itenge kabisa: kiungio cha plastiki kwenye reli zote mbili, upande wa kuingilia na wa kutokea, vinne kwa jumla. Urefu kati ya mapengo hayo ya plastiki uzidi treni yako ndefu kuliko zote. Magurudumu ya chuma yakikanyaga pengo la kuingilia na la kutokea kwa wakati mmoja, shoti.

Kwenye DCC nunua kigeuzi cha otomatiki, ukiweke kati ya laini kuu na sehemu iliyotengwa. Gurudumu linapovuka pengo na rangi zikakataa, kifaa hicho huhisi shoti na kupindua sehemu ya kitanzi kabla busta haijakatika. Treni haisiti, maana dikoda haijali reli ipi ni ipi. Kwenye umeme mnyoofu tumia swichi ya miguu sita. Miguu miwili ya katikati iende kwenye reli za kitanzi, miwili ya juu ipokee nyekundu na nyeusi, kisha unganisha ya juu na ya chini kwa mkasi, nyekundu ikishuka upande wa nyeusi na kinyume chake. Treni ikishaingia yote ndani, isimamishe. Geuza mwelekeo kwenye kidhibiti, geuza swichi ya kitanzi, geuza pointi, kisha ondoka. Utasahau moja kati ya hayo matatu, sote tunasahau.

Sarafu

Meza imekamilika, kidhibiti au busta imewashwa, mita imekaa kimya. Chukua sarafu inayofika reli zote mbili na uilaze juu yake, kwenye kila kipande, hasa vile vya mbali. Ulinzi unapaswa kukatika papo hapo, na kurudi ukiondoa sarafu. Mahali ambapo haukatiki, nyaya zako haziwezi kupitisha mkondo wa kutosha kuustua, na siku treni ikianguka pale mkondo utaendelea kupita kwenye magurudumu hadi kitu kiyeyuke. Hapo ongeza jozi, au lehemu upya. Kama kidhibiti chako ni kile cha zamani kisichojikata, usikifanyie jaribio hili. Tia fyuzi kwanza.

Shoti ya ghafla kwenye meza iliyokuwa nzima

Usianze kung'oa nyaya. Ondoa kila kitu juu ya reli. Angalia bisibisi uliyoiacha njiani, tone la risasi, msumari mdogo. Kisha fungua ile konekta ya katikati ya laini kuu na upime kila nusu kwa mlio. Kama reli za nusu hizo nazo zimetengwa kwa viungio vya plastiki, nusu moja itakuwa safi. Kwenye nusu yenye kosa achia jozi moja moja mpaka mlio ukatike.

Yangu ya mwisho ilikuja wakati wa masika. Meza ilikuwa imetembea mwaka mzima, kisha asubuhi moja ya mvua ikagoma. Nusu ya kushoto ya laini ilikuwa ikilia, na mlio ulikatika tu baada ya kuachia jozi zote, kumaanisha kosa liko juu. Nilipita na tochi pengo kwa pengo. Moja nilikuwa nimelikata kwa msumeno badala ya kuweka kiungio cha plastiki, na plaiwudi ilipojipinda kwa unyevu, ncha mbili za reli zilisogea zikabusiana. Huwezi kuona mwanga kati yake hata ukitaka. Nililikata tena, nikapachika kipande cha kadi ya benki iliyokwisha muda wake kwa gundi, na kilipokauka nikakisugua kwa tupa mpaka kikalingana na reli.